Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Intaneti ya Kasi Mwanza na Visiwani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu Kamati ya Utendaji imetumia sehemu kubwa ya muda wake katika suala moja: kufikiwa na mtandao si sawa na kuweza kuutumia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani njia kuu ya kebo za mawasiliano nchini, ulikwishafika Mwanza, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina huduma ya 5G. Hata hivyo, mwanachama mwenye steshenari Igogo, au anayenunua dagaa kisiwani Ukara na kuuza Mwaloni Kirumba, bado anategemea bando la siku, na bando likikata wakati anatuma ritani ya kodi ya mteja, hulazimika kuanza upya.

Mnara mmoja wa simu hugawa uwezo wake kwa wote walio chini yake, ndiyo maana kasi hushuka jioni watu wanaporejea nyumbani. Faiba, yaani nyaya za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, haina udhaifu huo kwa kiwango hicho, lakini hupelekwa kwanza penye wateja wengi wa kulipa, na katika vilima vyetu vya mawe uchimbaji wa mitaro ni ghali. Visiwani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mawimbi ya redio yanayogonga uso wa ziwa huakisiwa, hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, na yote mawili huweza kudhoofishana. Hivyo mtambo wa kuvusha mawasiliano hadi Ukerewe hauna budi kujengwa kwa uangalifu na kwa gharama ambayo soko peke yake halitaibeba. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kufikisha mawasiliano kusikovutia wawekezaji, unapopaswa kupima mafanikio kwa kasi na bei anayoipata mtumiaji, si kwa idadi ya minara.

Bei nayo inahitaji sauti yetu. Aprili 2021 viwango vipya vya vifurushi vilisitishwa baada ya wananchi kulalamika, nasi tulijifunza kwamba maoni ya mtumiaji yana uzito. Ni vyema zaidi yatolewe mapema, kupitia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano na pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inapoita wadau kujadili kanuni.

Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, intaneti ilizorota nchi nzima. Tangu hapo nimekuwa nikiwasihi wanachama wahifadhi nakala za kumbukumbu za wateja kwenye kompyuta zao wenyewe, na ninarudia ombi hilo.

Mapato na matumizi yatawasilishwa na Mhazini. Kamati inaomba mkutano uidhinishe kuundwa kwa kamati ndogo ya sera, yenye wajumbe kutoka mjini na visiwani, itakayoandaa maoni yetu kuhusu bei, ubora wa huduma na matumizi ya pamoja ya minara.