Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mwaka jana tulikubaliana kwamba kila mshauri nasaha wetu, Unguja na Pemba, ausikilize na mwili wa mteja. Nani huja akasema ana wasiwasi? Huja akasema kifua kinambana, tumbo linamuwaka moto, roho iko juu juu. Tukiyapita maneno hayo tukatafuta "tatizo lenyewe". Tulikosea, nami wa mwanzo.

Mafunzo yalifanyika Chake Chake. Tulianza na njia ya Edmund Jacobson, daktari wa Chicago wa miaka ya 1920: mtu anakaza ngumi, anaachia, kisha mabega, kisha taya, mpaka aijue tofauti. Imeshika vizuri, hasa kwa kina mama wasiopata usingizi.

Pumzi ndiyo iliyotufunza zaidi. Mteja mmoja, aliyeniruhusu nieleze bila ya jina, alinusurika ajali ya kuzama kwa meli ya Spice Islander ya Septemba 2011. Mshauri alimwambia afumbe macho, avute pumzi, aizuie. Akaanza kutapatapa pale pale kitini. Yuko majini tena. Siku hizi kwa mteja kama huyo tunaanza na nyayo: avue viatu, akanyage sakafu, macho wazi, ataje anachokiona dirishani. Pumzi huja baadaye, bila ya kuizuia, na mkazo uwe kwenye kuitoa polepole, maana hapo ndipo mapigo ya moyo hupungua.

Kuhusu kugusa, kamati inapendekeza mshauri asimguse mteja kabisa. Mkono wa mteja mwenyewe juu ya kifua chake unatosha. Najua wapo wanaoona tumekaza mno. Lakini mteja mwenye khofu huitikia "ndiyo" kwa heshima tu, na ndiyo hiyo mimi siiamini. Tutapiga kura leo.

Wanaouliza ushahidi: mwaka 2014 Bessel van der Kolk, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu. Waliofanya yoga wiki 10 walipata nafuu zaidi ya waliopewa elimu ya afya. Ni utafiti mdogo. Kwa hivyo anayetumia dawa za hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu asiachishwe hata kidonge kimoja, na maumivu ya kifua yapimwe hospitali kwanza.

Hesabu atazisoma mshika fedha. Wanachama wa Micheweni wameomba mafunzo yajayo yafanyike kwao. Naliunga mkono ombi hilo.