Msitoboe kava la mashine ya boti

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wanaochukua drili na kutoboa makava ya mashine za boti za zamani, eti zipate hewa. Wiki iliyopita nimeletewa nyingine hapa Pangani, ya kuchanganya oili kwenye petroli, ya sisi (cc) 700 hivi, yaani ukubwa wa silinda zake, kava limetobolewa kama kung'uto. Mwenyewe kaambiwa na fundi wa kwanza kuwa mashine "inabanwa pumzi."

Hewa inahitaji kweli, tena nyingi. Sisi 700 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kwa hesabu ya karatasini ni lita 3,500 kila dakika. Lakini waliotengeneza mashine hiyo hesabu waliijua. Tazama nyuma ya kava, karibu na mshikio: pana mdomo mpana, umewekwa juu na nyuma ili hewa ipite na maji ya mawimbi yabaki nje. Mashine za mwanzo, kama ile ya Ole Evinrude ya 1909 kule Marekani, hazikuwa na kava. Hata Seagull za Waingereza kabureta yake iko wazi. Kava lilikuja kupunguza kelele na kuzuia chumvi.

Na chumvi ndiyo inayonikera. Kwenye mashine hizi pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli kutoka kabureta, zinapita kwenye vibati vyembamba vinavyojifungua na kujifunga, zinaingia tumboni kwa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikishuka, inausukuma mchanganyiko juu ukaungue. Kwa hiyo hewa yote inapitia kwenye beringi kwanza. Humo hamna filta ya karatasi kama ya gari. Ukitoboa kava mbele, rasharasha ya bahari unaimimina kwenye beringi kwa mkono wako.

Fundi yule alikuwa na sababu, nisimwonee. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri bila kava, ukilirudisha inakufa. Nikaitia kwenye pipa la maji, nikaiwasha, nikainamia kwa tochi: moshi ulikuwa unavuja kwenye gasketi ya ekzosi iliyolika, unajaa ndani ya kava. Mashine inavuta moshi wake yenyewe! Gasketi mpya ikamaliza kazi. Matundu nimeyaziba kwa faiba, ila halipendezi tena. Kabla ya gasketi, chungulieni pia mdomo wa kava. Mashine iliyolala bandani msimu mzima nyigu huujaza udongo.

Mara nyingi zaidi hewa inayokosekana ni ya tangi. Mafuta yakitoka, hewa lazima ichukue nafasi yake. Ile parafujo ndogo juu ya kifuniko usipoilegeza, mnatoka vizuri, mkifika mbele kipira cha kupampia kinanywea, hakirudi, mashine inazima. Fungua kifuniko. Ukisikia fyuuu, ugonjwa umeshaujua na shilingi haijakutoka.

Halafu kuna hewa ya wizi. Sili za krenki, zile pete zinazozuia hewa isipenye, zikichoka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa haitoshi, na kwa kuwa oili imo humohumo kwenye petroli, nayo inapungua. Mashine haikai sailensa, yaani haitulii kwenye mzunguko wa chini, inapanda yenyewe, plagi ukiitoa ni nyeupe. Ukiendelea kuvua nayo hivyo, pistoni itatoboka. Hapo anayekwambia iongezewe hewa anakumalizia mashine.

Wenye Johnson na Evinrude za miaka ya 1950 zenye mpira wa mafuta wa njia mbili, hayo ya parafujo yasiwahusu. Kwenye hizo mashine yenyewe ndiyo inayopuliza hewa tangini ili mafuta yapande, na kifuniko sharti kibane kabisa. Kijana akikitoboa hicho kwa drili yake, mafuta hayapandi na boti haitoki ufukweni.

Fundi wa mashine za boti,
Pangani, Tanga