KUH: Kalibu ya chubwi mliyoniuzia kuwa ya gramu 250 inatoa gramu 218

Kwa wahusika wa kampuni,

Asalaam aleikum na poleni na kazi. Nawaandikia kutoka Likoni, mimi ndiye nlinunua ile kalibu ya aluminiamu ya kusubia chubwi (unamimina humo madini ya risasi yaliyoyeyushwa, yanatoka vizito vya kuzamishia mshipi) mwezi uliopita, nkalipa kwa M-Pesa shilingi 4,800 na 350 za diliva kabla hata mzigo haujatoka kwenu. Nshawapigia simu mara nne, wasapu mwasoma na hamjibu, kwa hivyo nimeona niyaandike yote pamoja msije mkasema sikueleza.

Mimi kazi yangu ni hii, nasubu chubwi nawauzia wavuvi wa mshipi wa hapa kwetu na wengine huja kutoka Mtongwe. Wavuvi hununua kwa kilo na hesabu yao ni moja tu, chubwi nne kilo moja, hakuna mtu anatoa simu kupiga kalkuleta pale ufukweni. Kwa miaka yote nlikuwa natumia kalibu ya marehemu babangu ya chuma, moja moja, na ilikuwa inatoa gramu 250 unaweza kulala usingizi, mpaka ikapasuka bawaba. Ndio nkaja kwenu maana yenu inatoa nne kwa mara moja.

Na sikununua kwa kukurupuka. Kabla sijalipa nlimuuliza kijana wenu wa kastoma kea mambo matatu, na meseji zote ninazo. Nlimwambia nataka chubwi ikitoka iwe gramu 250, nlimwambia risasi yangu si safi ni ile ya vile vizito vya kubalansi magurudumu nanunua kwa mafundi wa tairi, na nlimwambia tundu la kupitisha mshipi liwe milimita 3 kwa sababu wateja wangu wanatumia mshipi mnene. Akanijibu chukua ya namba 8, hiyo ndio 250, risasi ni risasi haina tofauti, na tundu ni standadi.

Sasa kalibu imefika imeandikwa 8 na mimi nkasubu 60 usiku mmoja, nkafurahi kabisa maana zilitoka zimejaa vizuri. Asubuhi nkazipeleka. Mzee mmoja ambaye amenunua kwetu tangu wakati wa babangu akaziweka nne kwenye mizani ya muuza samaki, zikasoma gramu 872. Mbele ya watu. Hakunitukana, alinitazama tu akaniuliza, mwanangu, siku hizi umeanza kupunja? Wallahi hilo neno mpaka leo limenikaa hapa kifuani. Chubwi 60 zilikuwa ziwe kilo 15, nlikuwa nimewapa kilo 13 na kidogo, nkawarudishia wote pesa ya kilo mbili na kuwaomba radhi mmoja mmoja.

Niliporudi nyumbani nkakaa na hiyo kalibu yenu nkatafuta makosa yako wapi, na sitaki mniambie ni mimi sijui kusubu. Kalibu niliipasha moto kwanza, kalibu ya baridi inatoa chubwi yenye makunyanzi na pembe hazijai, zangu hazina kunyanzi hata moja. Vile vizito vya magurudumu ambavyo ni vya zinki nilivitoa vyote kabla, navijua, vingi vina alama ya Zn na ukivibana kwa koleo havishiki alama, tena moto wangu siuachi upande mpaka kufika kuyeyusha zinki ambayo inataka nyuzi 420 hivi wakati risasi yenyewe yayeyuka kwa 327.

Hesabu ni hii. Hiyo 8 kwenye kalibu ni aunsi, si kitu kingine. Aunsi moja ni gramu 28.35, mara 8 ni gramu 226.8. Haijawahi kuwa 250 na haitakuwa. Kwa hivyo kabla hata sijawasha jiko mlikuwa mshanipunguzia gramu 23. Halafu hizo 226.8 ni za risasi safi, ile laini ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inaacha mstari. Risasi ya magurudumu imechanganywa na antimoni na bati kidogo ili iwe ngumu, na hivyo vyote viwili ni vyepesi kuliko risasi, kwa hivyo shimo lile lile likijaa mchanganyiko huo uzito unashuka. Nliijaribu kabisa, nkatafuta kipande cha bomba la zamani la risasi safi nkasubu kumi, zikatoka gramu 226 na 227. Nkarudia kumi za magurudumu, 217, 218, 218, 219, hivyo hivyo. Kalibu haina kosa, imetengenezwa sawa na imeandikwa sawa. Kosa ni nyinyi mliomuuzia mtu saizi ambayo si aliyoomba na mkamwambia hakuna tofauti.

Mngeniuliza swali moja tu, unasubu risasi gani, mngeniambia chukua ya aunsi 9. Hiyo kwa risasi safi ni gramu 255 na kwa mchanganyiko wangu ingenishukia kwenye 245 hivi, na hapo mvuvi na mizani yake wangeridhika. Na si kwamba hamkujua, nlikuwa nshawaambia mimi mwenyewe!

Tundu nalo. Pini mliyoleta, ile inayoacha tundu kwenye chubwi, ni milimita 2. Mshipi unapita kwa kulazimishwa, na pale nusu mbili za kalibu zinapokutana panabaki ukingo mwembamba ambao usipoupiga tupa unakata mshipi. Msiniambie nitoboe kwa drili, risasi inang'ang'ania ncha ya drili inajisokota, chubwi 60 utazitoboa mpaka lini. Mvuvi yuko nje ya mwamba, maji ni ya bamvua mkondo wavuta, chubwi nyepesi haikai chini inaburutwa mpaka kwenye mawe, na mshipi ushaliwa na ukingo, akivuta unakatika anapoteza chubwi na ndoana na tewa wake. Huyo ni mtu ameamka saa tisa usiku.

Kuna jingine na hili ndilo limenikasirisha zaidi ya pesa. Nilipolalamika uzito kijana wenu akaniandikia, basi tumia risasi ya betri za gari, ni rahisi kupata. Ndugu zangu, hilo hamfai kumwambia mtu yeyote. Betri ina asidi, vumbi lake ni sumu, na kuivunja nyumbani ni kuwamwagia watoto sumu kwenye uwanja wanaochezea. Sisi Mombasa tuna mtaa wa Owino Uhuru kule Mikindani, tumeona watu walivyoumia na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama hapa hapa Mombasa iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1. Mimi nasubu nje, upepo mgongoni, sufuria yangu haijawahi kurudi jikoni, na nguo sifui pamoja na za watoto. Kwenye boksi lenu hakukuwa na karatasi hata moja ya kumwambia mtu hayo, hata kwamba tone moja la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka inarukia usoni.

Ninachotaka: mnibadilishie mnipe ya aunsi 9 yenye pini ya milimita 3, diliva juu yenu, au mnirudishie shilingi 5,150 zangu zote. Na pale mnapoiuza mtoe hayo maneno ya gramu 250 leo leo, muandike aunsi 8, gramu 227 kwa risasi safi, mtu mwingine asije akaaibika kwa wateja wake kama mimi. Huyo kijana simtaki afukuzwe, mfundisheni.

Nawapa siku 14. Kalibu ipo kwenye boksi lake, nimeisafisha, na nimeweka ndani chubwi mbili, moja ya risasi safi na moja ya magurudumu, muziweke kwenye mizani yenu wenyewe. Mwenye kuja kuichukua apige simu akishavuka feri, namba yangu mnayo kwenye risiti.

Mteja wenu,
Msubu chubwi, Likoni