YAH: Malalamiko Kuhusu Umaliziaji Mbovu wa Madirisha Mapya

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayanukuu. Ninachoandikia ni hiki: nilipomwonyesha msimamizi wenu pembe ya dirisha la sebuleni, ambako mbao mbili za urembo zilizopaswa kukatwa kwa digrii 45 na kukutana zimeachana kiasi cha kupitisha ncha ya kalamu, alinijibu mbele ya mafundi wake, "Mama, rudi nyuma hatua tatu, hutauona."

Ufa huo baadaye ulijazwa silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, na kupakwa rangi juu yake, ilhali fundi yeyote wa kweli anajua kwamba silikoni ya kawaida haishiki rangi, na kwamba penye kupakwa rangi hutumika akriliki, kizibio kinachoshika rangi. Rangi imeshabanduka. Upande wa nje, silikoni mpya imepakwa juu ya ile ya zamani yenye vumbi, nayo inavuliwa kwa ukucha. Vichwa vya misumari havikuzibwa kwa puti. La kutisha zaidi, vitundu vya chini ya fremu, vilivyotobolewa kiwandani ili maji ya mvua yatoke, navyo vimezibwa. Mvua iliponyesha, maji yalijaa kwenye reli na kumwagikia ndani. Nilipopiga simu nikaambiwa kazi ilishakaguliwa. Mkaguzi ni nani, kama si bwana yule yule?

Nakubali kwamba umaliziaji hukaguliwa mtu akiwa amesimama kwa umbali wa kawaida, si kwa kumulika tochi. Lakini mimi nilikuwa nimeinama, kalamu yangu ikiwa bado ndani ya ufa, naye msimamizi amenishikia karatasi ya kupokea kazi ili nitie saini, ndipo akaniambia nirudi nyuma hatua tatu. Mafundi wakacheka. Sikusaini.

Siku ile ningeridhika na pembe moja kurekebishwa. Sasa nataka mbao zote zing'olewe na zikatwe upya, silikoni yote ikwanguliwe hadi sehemu ionekane safi na kavu kabla ya kupaka nyingine, vitundu vizibuliwe, na msimamizi huyo asikanyage kwangu. Malipo yaliyobaki nayazuia. Nataka pia radhi ya maandishi.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaleta mkaguzi huru, nitawatumia ankara yake, na madai ya kurejeshewa fedha zote nitayapeleka mahakamani pamoja na picha.

Wenu,
Mteja