Walisahihisha umri, picha wakaiacha

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana kaka yangu alifariki katika ajali ya barabarani. Kesho yake gazeti moja la kila siku, si lako, lilimweka ukurasa wa tatu akiwa amelala kando ya gari, uso wazi, kiatu kimoja kimemtoka. Mama alikuwa hajaambiwa. Tulikuwa tunamsubiri mjomba afike ampe habari taratibu, ila jirani alimtangulia na gazeti mkononi, akidhani anakuja kutoa pole.

Tukaandika malalamiko. Wiki kadhaa baadaye tukaona jibu lao ukurasa wa pili, chini ya tangazo la mnada: marehemu alikuwa na miaka 43, si 34 kama ilivyoandikwa, na gazeti linaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mambo ya umri sisi hatukuyagusa kabisa. Hata hatukuwa tumeona kwamba wamekosea.

Kwanza nilidhani ni dharau. Siku hizi naona ni mazoea. Utaratibu wa kulalamikia magazeti, mahali pengi duniani, umetengenezwa kwa ajili ya uongo. Gazeti limesema fulani kaiba, hakuiba; basi likanushe, yaishe. Lakini picha ile haikuwa na uongo wowote. Kila kilichoonekana kilikuwa kweli, pamoja na kile kiatu. Sasa utasahihisha nini? Ndiyo maana wakautafuta umri: ulikuwa kitu pekee kwenye habari ile walichojua namna ya kukirekebisha.

Barua waliyotutumia ilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, kwamba maiti hana faragha. Kisheria huenda ni sawa, nchi nyingi zinasema hivyo. Lakini mama yetu yu hai. Ya pili ni ile ya siku zote, maslahi ya umma: ajali ni habari. Ni habari, sikatai. Barabara ile inaua watu na iandikwe kila wiki. Uso wa kaka yangu ulimfundisha nini dereva yeyote?

Uingereza, ambako ugomvi huu ni wa miaka mingi, kanuni za maadili za wahariri zinazosimamiwa na IPSO, shirika linalopokea malalamiko dhidi ya magazeti, zina kitu ambacho ningependa kila baraza la habari likinakili. Kifungu cha 2, cha faragha, kina mlango wa maslahi ya umma: mhariri akiweza kuyathibitisha, anapita. Kifungu cha 4, cha majonzi na mshtuko, hakina mlango huo. Kifo kinaripotiwa kama kawaida, ila wafiwa waendewe kwa huruma na busara, na kinachochapishwa kishikwe kwa uangalifu. Basi.

Sisemi huko ni peponi. IPSO ilianza Septemba 2014 kwa sababu iliyotangulia, tume ya malalamiko ya magazeti iliyoitwa PCC, ilikuwa imeaibika: mwaka 2009 ilitoa ripoti iliyoupunguza uzito udukuzi wa simu za watu uliofanywa katika gazeti la News of the World, ikaja kuifuta mwaka 2011, mwaka ambao gazeti hilo la miaka 168 lilifungwa. Hata leo uanachama wa IPSO ni wa hiari. Magazeti ya huko ya Guardian na Financial Times hayamo. Na mlalamikaji hutakiwa kwanza azungumze na gazeti lenyewe, hadi siku 28. Mtu katoka kuzika, aketi kujadiliana na waliomwumiza!

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba yote haya huja baada ya kuchapwa. Max Mosley, aliyekuwa mkuu wa mbio za magari duniani, aliishtaki News of the World kwa kuanika mambo yake ya chumbani, akashinda pauni 60,000 mwaka 2008. Akaona fedha hazirudishi kitu. Akaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, akitaka magazeti yalazimishwe kumwarifu mhusika kabla ya kuchapa. Mei 2011 mahakama ikamkatalia, kwa hofu kwamba sheria ya namna hiyo ingewatisha waandishi hata wanapochunguza mambo ya maana. Nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Fisadi akipigiwa simu leo, kesho ameshafika mahakamani kuomba zuio.

Lakini kaka yangu hakuwa fisadi, na hapakuwa na cha kuzuia. Kwa hiyo siombi sheria. Naomba baraza linalopokea malalamiko ya faragha na msiba liwe na swali moja kabla ya yote: kabla ya kuchapa mlimpigia nani, saa ngapi, akasema nini? Mhariri ajibu kwa maandishi. Kama hakupiga, aseme kwa nini. Swali hilo halina ugumu wa kisheria na halihitaji wakili, na naamini mhariri anayejua ataulizwa atainua simu. IPSO ina namba ambayo familia inayosumbuliwa na waandishi inaweza kupiga saa yoyote, usiku au mchana, nayo ikawapelekea wahariri ujumbe. Sisi tungeipata namba kama hiyo usiku ule, tungeipiga.

Uamuzi wa malalamiko yetu hatimaye ulitoka. Ulisema gazeti lilichukua hatua stahiki kwa kusahihisha kosa. Juzi niliingia kwenye tovuti ya gazeti hilo. Picha bado ipo, imekuzwa kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi, na maelezo yaliyo chini yake sasa yanasema miaka 43.

Msomaji wako