Wachangiaji wa wiki tupewe menyu zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu menyu za tovuti kubwa za wiki, yaani tovuti kama Wikipedia ambazo wasomaji wenyewe huziandika na kuzihariri.

Nina miaka saba nikichangia wiki moja kubwa, hasa makala za ndege. Kila nikiingia nahitaji kurasa nne tu: mabadiliko ya karibuni, kurasa zisizo na jamii (ambazo hazijapangwa katika kundi lolote la mada), orodha ya makala fupi, na ukurasa wangu wa majaribio. Menyu ya pembeni inanipa huo wa kwanza peke yake. Iliyobaki ni viungo vya ukurasa wa bahati, michango ya fedha na msaada kwa wageni, ambavyo sijavigusa kwa miaka. Kufika kwenye kurasa zisizo na jamii lazima nifungue kurasa maalumu, niteremke orodha ndefu, nitafute kwa macho. Nikimaliza makala moja, narudia safari ileile.

Chanzo nakijua. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na wiki nyingine nyingi, huchota menyu hiyo kutoka ukurasa mmoja uitwao MediaWiki:Sidebar. Wakabidhi, yaani wasimamizi wa wiki, ndio wenye ruhusa ya kuuhariri, na wakiongeza kiungo, kinamtokea kila mtu. Ndiyo maana ombi la kiungo kimoja huzua mjadala mrefu, na siwalaumu: menyu ikijazwa haja za kila mmoja wetu, mgeni atapotea humo.

Njia ya binafsi ipo, lakini ni ya mafundi. Aliyejisajili anaweza kufungua ukurasa wake wa common.js na kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwa lugha ya JavaScript, unaoongeza viungo. Nilijaribu, jioni nzima. Nikahifadhi, nikaufungua ukurasa upya, menyu ikawa ileile. Kesho yake, nikisoma herufi kwa herufi, ndipo nilipoona: jina la ukurasa nililifungulia nukuu, sikulifunga. Alama moja tu!

Wengi hawana subira hiyo, hunakili msimbo wa mwenzao. Hapo ndipo ninapoogopa hasa. Msimbo huo hufanya kazi kwa jina lako na kwa ruhusa zote za akaunti yako. Aliyeuandika akiwa na nia mbaya, kurasa zitaharibiwa na historia itaonyesha ni wewe. MediaWiki yenyewe huonya kuhusu hatari hii. Kwa nini mtu anayetaka kiungo kimoja tu aingizwe katika hatari kama hiyo?

Ninachoomba kwa watengenezaji ni kidogo. Kwenye ukurasa wa mapendekezo, pale tunapochagua lugha na sura ya tovuti, wekeni sehemu ya menyu: niandike jina la ukurasa, nilipange juu au chini, nihifadhi. Bila msimbo. Menyu ya kawaida ibaki ilivyo kwa wageni, na yangu inifuate hata sura ya tovuti ikibadilishwa, kwa sababu mara ya mwisho zana zilipohamishiwa upande wa pili, hata viungo nilivyovihangaikia sikujua vimekwenda wapi.

Wakiona ni kazi kubwa, waanze na viungo vitano kwa kila mtumiaji. Mimi vinne vinanitosha, na nitavipanga usiku huohuo.

Mchangiaji wa makala za ndege