Boksi la Leviathan: kije nini, kibaki nini

Leicester, Jumatano 5 Julai 2023

Ndugu yangu Shomari,

Salaam aleikum. Huku wazima wote, mvua tu ndiyo haijasikia kwamba ni kiangazi. Mama anaendeleaje na goti? Usinijibu "mzima tu", nitamuuliza Mwanaidi.

Nimeona niandike, maana simu ya juzi tuliongea watatu kwa mpigo na hakuna aliyemsikia mwenzake. Zuhura anaruka Jumamosi usiku. Begi lake limebakiwa na kilo chache, na boksi lenu lote la Leviathan, la ule mchezo wa vita wa mezani Warhammer 40,000, halitaingia. Kaeni na Mwinyi mkubaliane nini kije sasa na nani achukue nini.

Hesabu kwanza, kwa sababu najua Mwinyi ameshaanza. Visanamu vya plastiki ni 72, majeshi mawili: Space Marines (askari wa deraya) 25, Tyranids (madudu) 47. Kwa Marines kuna Captain na Librarian, wote ndani ya deraya ya Terminator, Lieutenant, Apothecary Biologis, Terminator watano, Sternguard watano, Infernus kumi wenye mitambo ya moto, na Ballistus Dreadnought, mtambo unaotembea, mwenye lascannon (mzinga wa miale) na makombora. Kwa Tyranids kuna Neurotyrant pamoja na vidubwana vyake viwili, Winged Tyranid Prime, Psychophage, Screamer-Killer, Von Ryan's Leapers watatu, Barbgaunts watano, Neurogaunts 11, Termagants 20 na Ripper swarms mbili.

Sasa Mwinyi akikwambia mwenye 47 amepata zaidi kwa hiyo alipe zaidi, usikubali. Terminator mmoja hafi mpaka apate majeraha matatu, na deraya yake inazuia pigo dadu ikitoa 2 na kuendelea. Termagant anakufa kwa jeraha moja na anazuia kwa 5 na kuendelea. Wale ishirini kazi yao ni kujaza uwanja, kukalia alama za uwanjani zinazotoa pointi na kufa. Halafu karibu theluthi mbili ya kazi ya kupaka rangi iko upande huo. Boksi ni pauni 150, kateni 75 kwa 75, kila mtu na jeshi lake. Kumegamega ("nipe Dreadnought nikupe Psychophage") kutawaachia majeshi mawili ambayo hakuna hata moja linalocheza.

Kinachogombewa kweli ni kitabu cha kanuni na kadi za mechi, maana viko kimoja kimoja. Kitabu ni kizuri, jalada gumu, picha tele, na ndicho kinachokula kilo. Ushauri wangu kibaki hapa hadi Desemba. Kanuni za msingi za toleo hili la kumi kampuni imeziweka bure mtandaoni, na takwimu za vikosi vyote nazo bure, pakueni tu kwenye simu. Kadi ni hadithi nyingine. Mnachomoa ya lengo kuu, ya namna ya kupanga majeshi na ya kanuni ya ziada, kisha kila mtu anaendelea na malengo yake madogo. Bila hizo mtabaki kuuana katikati ya meza tu. Nyepesi, zije. Kijitabu cha kuunganishia kisiachwe kwa namna yoyote, na karatasi ya stika za maji za Marines iwekwe ndani yake isikunjike.

Uliuliza kama "kila kitu kimo". Hakimo. Hakuna dadu, hakuna futi, hakuna koleo, hakuna rangi wala brashi. Dadu tafuta za pande sita, zisipungue 20, kwa sababu Termagants wote wakifyatua ni dadu moja kwa kila mmoja. Futi chukua ile ya fundi cherehani yenye inchi, ni laini na haiangushi visanamu kama ile ya chuma. Koleo ya kukatia, iliyo bapa upande mmoja, nitamfungia Zuhura kwenye begi kubwa. Rangi za maji zinasafiri salama. Rangi ya kupuliza haipandi ndege, na gundi ya plastiki inashika moto, nayo haipandi. Msimsumbue dada wa watu na hilo, tafadhali.

Gundi isikutie wasiwasi. Visanamu hivi ni vya kubana, pini kwenye tundu. Ila hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nisikilize. Kipande kikikatwa kwenye fremu (kile kiunzi cha plastiki kinachoshika vipande) huacha kijinundu, na kijinundu hicho kikiwa kwenye pini au ukingo wa kuungana, vipande havifungi, unaona ufa kifuani au shingoni. Kata mara mbili: kwanza mbali kidogo na kipande, halafu karibu, upande bapa ukielekea kisanamu. Ukikata mara moja karibu, plastiki inavutika na kuacha alama nyeupe au shimo. Malizia kwa kisu na msasa laini. Kisha, kabla ya kubana, punguza ncha ya pini, kama theluthi moja. Pini nzima ikishaingia haitoki bila kuvunja kitu, na nusu ya raha ni kujaribu kwanza. Ukishapunguza, tone la supaglu linatosha. Iwe tone kweli: kwa joto na unyevu wa Dar inakauka upesi na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Jambo jingine la Mwinyi hasa: asikate fremu zote siku moja. Namba za vipande zimeandikwa kwenye fremu, hazipo kwenye kipande chenyewe. Akishamwaga mikono ya Termagants na Neurogaunts kwenye bakuli moja, mwezi mzima atakuwa analinganisha makucha na picha. Amalize kisanamu kimoja ndiyo ashike kingine. Vitako navyo avitenge mapema, Termagants ni milimita 28, Infernus 32, Terminator 40.

Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine. Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, nikasahau nikaanza na mahesabu. Mtu wa dukani atakuuzia kopo la kupuliza la magari. Kwa hali ya hewa ya Pwani ni kamari: unyevu ukiwa juu rangi inashuka kama vumbi, uso unakuwa wa chengachenga, na nyuso za Sternguard zinapotea. Tena kuna rangi za magari zenye kiyeyushi kikali kinachokula plastiki. Nitampa Zuhura chupa ya praima ya maji ya kupaka kwa brashi. Tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa. Usipake kwenye pini na tundu, unene huo mdogo unatosha kuzuia kufunga. Dreadnought na Screamer-Killer ziunganishwe nusu nusu zipakwe ndani kwanza.

Meza ni rahisi. Plaiwudi ya futi 4 kwa 8, mwambie fundi akate inchi 60 kwa 44, ndiyo saizi ya mechi kamili. Kile kipande kinachobaki mwishoni kina inchi 36 kwa 48, kata 30 kwa 44, ni meza ya mechi ndogo. Mechi kumi za kwanza zichezeeni hapo. Zile 72 zote kwa mpigo mtachoka kabla ya zamu ya pili.

Narudi kwenye begi. Fremu zitatoka kwenye boksi, nizilaze katikati ya nguo, boksi lenyewe nilitupe au nilikunje lije na kitabu. Sijui kama Mwinyi ni wa kutunza maboksi. Anafanana nao.

Sasa nijibu haya kabla ya Ijumaa jioni. Kitabu kibaki au kije? Kikija, kinalala kwa nani? Mmeamua nani Marines, au bado mnatupiana maneno? Marines wenu mnataka rangi gani, bluu ya kikosi cha Ultramarines au nyingine, ili ninunue chupa sahihi? Nani atampokea Zuhura, na gari la Rashidi limepona? Na ile hela ya Mwinyi, ni kweli ipo au ni "ipo"?

Wako,
Kassim

N.B. Fremu za Termagants ziko mbili zinazofanana, kwa hiyo kila pozi litajirudia. Mwambie azungushe vichwa kidogo kabla gundi haijakamata.